Kibarua wa kupokea asisimamishwe

Nimerudi hostel juzi toka field Tanga, na kuna kisa bado kinaniuma. Ngoja nikisimulie kihistoria.

Ofisi niliyokuwepo ina kanzidata ya MySQL kwenye seva mbili: seva kuu, na seva nakala inayofuata kila badiliko. Mchana mmoja nikatumwa nichukue bekapu kwenye nakala. Nikaisimamisha isifuate kabisa, bekapu ikala saa mbili. Kabla sijairudisha, diski ya seva kuu ikafa! Malipo yote ya saa zile mbili yakapotea. Kesho yake mama mmoja kasimama dirishani, risiti mkononi, na sisi jina lake hatunalo.

Sasa historia. MySQL ilianza kunakili seva hadi seva mwaka 2000, toleo la 3.23. Enzi hizo kibarua alikuwa mmoja tu, anapokea mabadiliko na kuyaandika mwenyewe. Ukimsimamisha, vyote vimesimama. Toleo la 4.0, lililokamilika 2003, likaleta vibarua wawili: mmoja anapokea na kuweka kwenye daftari la pembeni, mwingine anasoma daftari hilo na kuandika kwenye kanzidata.

Kumbe mimi nilitakiwa nimsimamishe yule wa pili tu! Amri yake ni STOP REPLICA SQL_THREAD (zamani walisema SLAVE). Kanzidata inatulia unakili, huku mapya yanaendelea kuingia daftarini. Ukimaliza unamrudisha kazini, anafidia. Na lazima uandike bekapu imeishia wapi, maana siku ya kuirejesha utaendelezea hapo.

Hapo ndo nikamkumbuka Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa pwani yetu, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Vita vilianza 1888, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Utenzi unajulikana kwa jina lenye mwaka wake kabisa, 1307 Hijria. Historia haikumsubiri amalize. Wadachi walikaa Tanga mpaka Julai 1916. Lakini J.W.T. Allen alipouchapa 1955, msomaji aliona ni habari za mpaka lini, ya baadaye akayatafute kwingine.

Bekapu yangu haikuwa na alama hata hiyo. Mlioko field, kabla hamjagusa seva, ulizeni kwanza: nani anapokea, nani anaandika?

Nawasilisha.