Nakala 34,000 Zilizorudi

Toleo la kwanza la jarida la muziki la Rolling Stone lina tarehe ya 9 Novemba 1967. Jaladani yumo John Lennon amevaa kofia ya chuma ya kijeshi, picha iliyotoka kwenye filamu ya How I Won the War. Zilichapwa nakala zipatazo 40,000, na kati ya hizo kama 34,000 zilirudishwa bila kuuzwa.

Mwanzilishi, Jann Wenner, alikuwa na miaka 21. Mwenzake, Ralph J. Gleason, alikuwa mhakiki wa muziki wa gazeti la San Francisco Chronicle, mtu mzima mwenye jina mjini. Mtaji ulikuwa dola 7,500, sehemu kubwa ikiwa mikopo ya jamaa. Kwa fedha hizo wasingeweza kupanga ofisi na kulipia uchapaji kwa wakati mmoja, hivyo wakapatana na kiwanda kimoja cha uchapaji cha mtaa wa Brannan, San Francisco: wapewe nafasi ya ghorofani bure, nao walete kazi ya kuchapa. Mitambo ya pale ilikuwa ya magazeti, basi jarida likatoka kwenye karatasi ya gazeti. Wakalikunja mara moja zaidi, ili likilala mezani kwa muuzaji lionekane jarida, na msomaji akilikunjua akutane na kurasa pana. Mkunjo ule wa kubana matumizi ndio ulioipa Rolling Stone sura yake kwa miaka kadhaa.

Kuchapa, basi, walikuweza. Kusambaza ndiko kulikowaumiza. Meza za magazeti zina utaratibu wake, na mgeni huujua kwa hasara: msambazaji huchukua nakala na kuzigawa kwa wauzaji, nao hulipia zile tu zilizonunuliwa. Malipo hayo huchelewa, ilhali mchapaji anataka chake mapema. Nakala iliuzwa senti 25, na kila aliyeipitisha alikata fungu lake kabla mwenye jarida hajaona chochote. Kilichowainua ni wasomaji waliojiandikisha kuletewa jarida kwa posta, ambao hulipa kabla ya kupokea, pamoja na matangazo ya kampuni za santuri. Matangazo hayo yaliliokoa jarida, lakini naamini yalilifunga pia, kwa sababu aliyelipia ukurasa ndiye yule yule ambaye santuri yake ilisubiri kuhakikiwa.

Njia nyingine ya kuwafikia wasomaji ilikuwa imekwisha kujaribiwa. Februari 1966 Paul Williams, mwanafunzi wa miaka 17 katika chuo cha Swarthmore, alidurufu nakala 500 za jarida lake la muziki, Crawdaddy, kurasa kumi tu, akawapelekea watu wa muziki wenyewe. Haukupita muda, mwanamuziki Paul Simon akampigia simu bwenini.

Lakini aliyeonyesha wazi zaidi kwamba meza za magazeti zinaweza kuachwa kabisa ni Mark Perry, karani wa benki wa Deptford, London. Julai 1976, akiwa amewaka moto wa kundi la punk la Ramones, alipiga chapa kurasa chache kwa mashine ya kitoto, vichwa vya habari akaviandika kwa mkono kwa kalamu nene, akaliita jarida lake Sniffin' Glue. Makosa ya chapa aliyakata kwa mstari na kuyaacha hapo hapo. Nakala za mwanzo, kama 50, zilitolewa kwa mashine ya fotokopi ya kazini kwa mpenzi wake, zikabanwa kwa pini ubavuni. Alizipeleka kwenye kibanda cha santuri cha Rock On, sokoni Soho, na wenyewe wakazichukua. Waliofika kibandani hapo walikuwa wamekwenda kutafuta muziki ule ule ulioandikwa humo, kwa hiyo hakuhitaji kumshawishi mpita njia. Hakuhitaji tangazo la mtu pia, na ndiyo maana aliweza kuisema vibaya santuri yoyote aliyoiona mbovu.

Aliwahimiza wasomaji wasiridhike na maandishi yake, watoe majarida yao. Wakayatoa kila pembe ya Uingereza. Mwaka 1977, Sniffin' Glue ikiuzwa kwa maelfu, Perry aliisimamisha kwenye toleo la 12, akaendelea na bendi yake, Alternative TV.