Jembe na Gitaa: Nani Aliwatenganisha Manju na Wanadansi?

Utangulizi

Muhula uliopita niliandika pendekezo la utafiti mdogo juu ya nyimbo. Nilitaka kuchambua pamoja nyimbo za ngoma za Wasukuma, ambazo nilizikuta nyumbani kwetu Kiseke, na nyimbo za bendi za dansi za miaka ya 60 na 70, ambazo nazo nilizikuta nyumbani kwetu Kiseke. Pendekezo lilirudi limejaa wino mwekundu. Mwalimu mmoja, ambaye namheshimu sana, aliandika pembeni kwamba nichague moja: ama fasihi simulizi, ama muziki wa burudani. Basi nikakaa nikajiuliza: nyumbani vitu hivi viliishi chumba kimoja, huku chuoni ni nani kavijengea ukuta?

Makala haya ndiyo jibu langu. Sipingi kwa ajili ya kupinga tu. Ninachodai ni kwamba manju wa ngoma na mtunzi wa dansi walikuwa wasanii wa aina moja kwa sababu walilelewa na mlezi mmoja, naye ni mashindano. Mhakiki akiyaondoa mashindano, anabaki na maneno makavu kwenye karatasi, yawe ya ngoma au ya dansi.

Rafu mbili zilitoka wapi?

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba, chachacha, twisti na rokenroli, lakini hawakuwahi kucheza, pengine hata kusikia, gombe sugu, mangala, kiduo au lele mama. Yalikuwa malalamiko ya haki. Mkoloni alikuwa amewafundisha watu kuzionea haya ngoma zao.

Lakini hebu tuangalie lililofuata. Malalamiko yale juu ya aibu ya wasomi yaligeuzwa kuwa orodha mbili za muziki: huku "jadi", ambayo ni safi na yetu, kule muziki wa gitaa, ambao ni wa kuangaliwa kwa jicho la wasiwasi. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana waliovaa suruali za bugaluu na kupiga magitaa ya umeme kwa mtindo wa roki wakaonekana wamepotea. Ajabu ni kwamba vijana hao hao ndio waliokuwa wakijaribu kuvunja ukuta. Kundi la Sunburst, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1970 na kutoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976, lilichanganya roki na soul na Kiswahili na midundo ya kwetu. Kwenye mihtasari yetu ya fasihi, sijawaona upande wowote.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezirithi orodha zile bila kuzihoji. Ngoma tunaiweka rafu ya fasihi simulizi, tunaichambua fani na maudhui. Dansi tunaliachia magazeti ya burudani. Eti kwa sababu moja ina jembe na nyingine ina waya wa umeme!

Uwanja wa Kiseke

Leo Kiseke ni mitaa ya viwanja vilivyopimwa, nyumba za PPF na daladala za kwenda mjini. Babu yangu mdogo, yaani mdogo wake babu mzaa baba, aliijua ilipokuwa mashamba na mawe tu. Katika ujana wake alikuwa ningi, ndilo jina la Kisukuma la manju, upande wa Bagika.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu nieleze kidogo. Makundi ya ngoma Usukumani yamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Asili yao wanaihesabu kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa mahasimu. Baada ya mavuno, kuanzia Juni na kuendelea, kundi la upande mmoja na kundi la upande wa pili hushika uwanja mmoja, kwa wakati ule ule, kila moja na ngoma zake na dawa zake za kuvuta watu. Watazamaji ndio kura. Wakihama kwako wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa, na jua halijazama. Hata kanisa lilipotaka kuwa karibu na watu liliuelewa uwanja huo: huko Bujora, Kisesa, mahali ambapo Padri David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, sikukuu ya Ekaristi ilikutanishwa na mashindano ya ngoma, na ndiyo tamasha linaloitwa Bulabo.

Ningi katika mazingira haya hawezi kuwa mtunza kumbukumbu tu wa mambo ya mababu. Akiimba wimbo wa mwaka jana, watu wanahama. Lazima alete habari mpya: bei ya pamba, mtemi aliyekula kodi, vita, njaa, mzungu mpya wa wilaya. Hata bugobogobo, ngoma ya majembe iliyozaliwa shambani ili kupanga mwendo wa wakulima, ilikuwa na mashindano yake ya kurusha na kudaka jembe. Kwa hiyo neno "jadi", kama linamaanisha kitu kisichobadilika, halimfai ningi hata kidogo. Yeye alikuwa mtu wa kisasa kila msimu.

Likizo iliyopita nilimwendea babu na simu ya kurekodi. Nikamwamkia, "Mwangaluka, babu." Tukaongea ya nyumbani, kisha nikamwomba aniimbie zile nyimbo zake za zamani. Akanitazama kwa muda.

"Nikuimbie nikiwa peke yangu?"

"Ndiyo, babu. Nataka maneno niyaandike."

"Mjukuu wangu, nitaimba nimshinde nani?"

Mwenzake wa upande wa Bagalu, aliyekuwa akipambana naye, alikwishafariki. Babu alinieleza kwamba nyimbo zake nyingi zilikuwa majibu. Bila yule mwingine kuanza, yeye hana pa kushikia. Nilirudi ndani na daftari tupu. Siku hiyo nilielewa jambo ambalo darasani nilikuwa nimelikariri bila kulielewa: kwamba fasihi simulizi huishi katika utendaji.

Mji mmoja, bendi mbili

Sasa twende Morogoro, maana hoja yangu inasimama hapo. Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, alianzisha kundi la La Paloma mwaka 1948, na baadaye likaitwa Cuban Marimba. Santuri za Kuba zilikuwa zimeingia Afrika Mashariki, na vijana wa mijini walizisikiliza mpaka zikakwaruzika. Tungeweza kusema, kama wahakiki wengine wasemavyo, kwamba huu ulikuwa uigaji mtupu. Lakini mji ule ule ulikuwa na bendi ya pili, Morogoro Jazz, na hapo ndipo Kuba ilipoishia. Mpenzi wa muziki Morogoro hakuja ukumbini kusikia nani anaiga vizuri zaidi. Santuri yenyewe anayo. Alikuja kusikia nani ana neno jipya la Kiswahili na mdundo ambao wenzao hawana.

Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari Novemba 1965. Wakati huo Morogoro Jazz ilikuwa imempata kijana Mbaraka Mwinshehe, mzaliwa wa Mzenga, Kisarawe, mwaka 1944. Tuangalie alitunga juu ya nini. Alipokwenda Japani na bendi yake kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, alirudi na wimbo wa Expo 70. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi 1971 katikati ya mvutano wa siasa ya Ujamaa na wakulima wakubwa, Mbaraka alimwombolezea kwa wimbo unaobeba jina lake. Jogoo la Shamba ni methali iliyogeuzwa kuwa wimbo. Safari, msiba wa kiongozi, methali: mwonyeshe ningi yeyote orodha hiyo, atakwambia huyo ni mwenzangu.

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz akaunda Super Volcano, na mashindano yakahamia kati yake na bendi yake ya zamani. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34 tu.

Hata umbo la wimbo ni lile lile. Wimbo wa dansi wa wakati huo una sehemu mbili. Kwanza mwimbaji anasimulia taratibu, wenzake wanampokea. Kisha maneno yanapungua, magitaa yanajibizana, wachezaji wanaingia: sehemu hiyo wanamuziki wenyewe wameiita chemko. Babu anasema kwao nako ningi aliimba kwanza watu wametulia, ndipo ngoma zikapandishwa. Mhakiki anayenakili beti peke yake anaandika nusu ya kwanza na kuitupa ile ambayo watu waliitolea jasho.

Majina yanasema

Kila bendi ilikuwa na jina la mtindo wake. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz Segere Matata, Afro 70 Afrosa, Safari Trippers Sokomoko, Super Volcano Masika. Mtindo haukuwa pambo tu. Ulikuwa bendera, kama ilivyokuwa kwa Bagika na Bagalu, na kabla yao kama ilivyokuwa Marini na Arinoti katika ngoma za beni za pwani, ambazo mwanahistoria Terence Ranger alizichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1975.

Na majina mengine yalitoka moja kwa moja ngomani. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilijulikana kwa Msondo, jina la ngoma ya unyago. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikachukua Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Muhiddin Gurumo aliimba NUTA, akahamia Sikinde ilipoanzishwa, na baadaye akarudi Msondo. Alifariki Aprili 2014. Mashabiki walimfuata na kumlaumu kama watu wanavyomlaumu ningi aliyehama uwanja. Bendi hizo mbili zimepangiwa ukumbi mmoja mara nyingi, usiku mmoja, ili watu waamue.

Mfano wa mwisho unatoka Ugogo. Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze, alifundisha sanaa Bagamoyo, akarekodi kwa kampuni ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki wa Uingereza, na akafariki Desemba 2003. Patrick Balisidya wa Afro 70, naye mtoto wa Dodoma, alishika gitaa na kinanda, akafika Sweden kurekodi na kundi la Archimedes, na akafariki Agosti 2004. Wagogo wawili wa kizazi kinachokaribiana, wote wakikutana na magitaa ya Ulaya. Mmoja tumemweka rafu ya jadi, mwingine rafu ya burudani. Nimeitafuta sababu ya kifasihi ya kuwatenga, sijaiona.

Pingamizi

Msomaji anaweza kusema: nyimbo nyingi za dansi ni mapenzi mepesi, na maneno yake yanarudiwarudiwa. Ni kweli. Lakini nyimbo nyingi za ngoma nazo ni nyepesi, na mashairi mengi yaliyochapishwa pia. Hatuhukumu utanzu kwa kazi zake dhaifu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mashindano yalikuwa na ubaya wake: matusi, tuhuma za uchawi, na wanamuziki waliohamishwa kama mali. Vyombo vingi vilikuwa vya chama au shirika, msanii akawa mwajiriwa asiyemiliki hata gitaa analolipiga. Marijani Rajabu, aliyeitwa Jabali la Muziki, alifariki Machi 1995, na leo wanaoimba nyimbo zake ni wengi kuliko wanaomjua kama mtunzi. Hili silikatai. Lakini hapo ndipo sisi wahakiki tunapodaiwa. Kama dansi si fasihi, basi Marijani si mtunzi, na asiye mtunzi hana anachodai. Rafu tunayomnyima hapa chuoni inamgharimu huko nje.

Hitimisho

Siku mbili kabla ya kurudi chuoni nilikuwa nimekaa na babu nje, jioni. Kijana wa nyumba ya pili akafungulia redio yake ya fleshi, ikawa ni Mbaraka. Babu alisikiliza beti zote bila kusema kitu. Magitaa yalipoingia kwenye chemko, akaanza kugonga fimbo chini, halafu akaimba. Kisukuma, sauti ya mzee, wimbo ambao sikuwahi kuusikia, ukipita katikati ya gitaa la mtu aliyefariki 1979. Alikuwa amepata wa kumjibu.

Niliwasha simu haraka. Nilichorekodi ni dakika nne na kidogo. Vitu viwili vimo ndani yake na nimejaribu kuvitenganisha nikashindwa; nikipunguza gitaa, babu naye anapotea. Ndiyo matini ninayoiwasilisha muhula huu, ikiwa nzima. Mwalimu wangu akiniuliza tena nimechagua ipi, nitamwomba aisikilize kwanza.