Mgomo, Maasi, Uhaini: Majina ya Kutotii Mamlaka Dar es Salaam, 1947–1972

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, kando ya barabara ya Bagamoyo katika eneo la Kinondoni, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza, kisha wakaingia mjini na kushika sehemu zake muhimu. Madai yao yalikuwa mawili: mishahara iongezwe, na vyeo vilivyoshikwa na Waingereza wapewe Waafrika. Tukio hilo limekuja kuitwa maasi, na jina hilo halibishaniwi. Hata hivyo, mtu akiyatazama madai yenyewe, neno lililokuwa karibu zaidi ni mgomo.

Goma ni kitenzi cha kila siku. Punda hugoma, gari hugoma, mtoto hugoma kula. Anayegoma hakani kwamba kuna mwenye kumwamuru. Anasimama ili asikilizwe. Dar es Salaam ililijua neno hili kupitia bandari yake. Makuli waligoma mwaka 1939 na tena 1943, na mgomo wao wa Septemba 1947 ulisambaa kufuata reli ya kati hadi bara. Mwaka 1950 mgomo mwingine bandarini uliishia katika vurugu, na chama cha makuli kikavunjwa. Adhabu ilikuwa kali, lakini hata hapo ugomvi ulibaki kuwa wa kazi na ujira.

Neno asi lina ukoo mwingine. Limetoka katika Kiarabu, na katika lugha ya msikitini na chuoni maasi ni dhambi, yaani kuvunja amri ya Mungu. Mtoto asiyewasikiliza wazazi huitwa kwanza mtukutu, kisha mkaidi, na methali humsubiri: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akifikia kuitwa mwasi, hatafutiwi tena methali, kwa kuwa jina hilo haliulizi mtendaji anataka nini. Linauliza amekataa amri ya nani. Kiswahili hakikuunda neno la pekee kwa askari anayewageuka wakubwa wake, hivyo askari wa Colito waliingia katika neno lilelile linalomchukua mtenda dhambi.

Kwa sababu hiyo, uasi huhitaji mamlaka inayokubaliwa kuwa halali. Wajerumani waliyaita mapambano ya Bushiri bin Salim ya 1888–1889, na yale ya kusini ya 1905–1907, kwa maneno ya lugha yao yenye maana ya uasi. Kiswahili kimeyaita yale ya kusini Vita vya Maji Maji, na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapishwa mwaka 1957, una neno vita katika jina lake. Vita vina pande mbili, kila upande na mamlaka yake. Palipo na uasi, mamlaka ni moja tu.

Historia ya jina la kambi yenyewe inaonesha ugumu huo. Colito ni mahali nchini Ethiopia ambapo askari wa King's African Rifles walipigana upande wa Waingereza dhidi ya Waitaliano mwaka 1941. Baadaye kambi iliitwa Lugalo, mahali katika nchi ya Wahehe ambapo tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Kutotii kwa Wahehe kumetukuzwa langoni mwa kambi ileile ambayo kutotii kwa askari wake wa 1964 kumebaki kuwa maasi. Haitoshi kusema kwamba washindi huchagua majina. Mwaka 1891 mamlaka iliyokataliwa ilikuwa ya mgeni. Mwaka 1964 ilikuwa ya wananchi, ingawa iliwaamuru askari kupitia vinywa vya maofisa wageni. Jina maasi liliitetea mamlaka hiyo ya wananchi kwa kuifunika sehemu ya pili ya sentensi.

Palikuwa pia na neno la tatu, lililotisha zaidi. Siku nane kabla, Zanzibar ilikuwa imepinduliwa, na mapinduzi ni jina ambalo kitendo hulipata baada ya kufaulu. Nyerere alijificha ng'ambo ya Kigamboni, ambayo baadaye ilihesabiwa katika Wilaya ya Temeke, huku Oscar Kambona, waziri aliyesimamia ulinzi, akizungumza na askari. Askari hawakutangaza serikali yao. Kikosi cha Tabora kilifuata, kisha Jinja nchini Uganda na Lanet nchini Kenya. Tarehe 25 Januari makomando wa Kiingereza walishuka kutoka manowari Centaur na kuiteka Colito, jambo ambalo Nyerere aliliona kuwa fedheha.

Yaliyofuata yaliligusa neno mgomo kuliko maasi. Viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi, waliokuwa wamelalamikia uamuzi wa mwanzoni mwa Januari wa kukomesha upendeleo kwa Waafrika katika utumishi wa serikali, walikamatwa. Shirikisho lao, TFL, lilivunjwa na mahali pake pakawekwa NUTA, chama kimoja chini ya TANU. Mgomo, uliokwisha kubanwa na sheria ya 1962, sasa ulitazamwa kama ndugu wa maasi. Jeshi la zamani lilivunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, chini ya Mrisho Sarakikya. Dai la pili la askari wa Colito lilikuwa limetimizwa, nao wakiwa wamefukuzwa au wamefungwa.

Kambona aliondoka nchini mwaka 1967. Mwaka 1970 alishtakiwa kwa uhaini bila kuwapo mahakamani, pamoja na Michael Kamaliza, kiongozi wa kwanza wa NUTA, na Bibi Titi Mohamed. Haini ni mwenye kuvunja amana, na huwezi kuivunja amana usiyokabidhiwa. Neno hilo, ambalo halikuwaangukia askari wa 1964, lilihifadhiwa kwa waliokaa karibu. Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha, akasamehewa mwaka 1972, na leo barabara kubwa katikati ya jiji ina jina lake.