Mwalimu wa ziada amsaidiavyo mwanafunzi wa aljebra shirikishi

WANAFUNZI wanaojiunga na chuo kikuu kusomea hisabati aghalabu huwa wamefanya vyema katika somo hilo katika mtihani wa kidato cha nne. Hata hivyo, wafikapo mwaka wa pili au wa tatu na kukutana na aljebra dhahania, baadhi yao huanza kujiuliza iwapo walichagua kozi isiyowafaa. Mara nyingi tatizo si uvivu wala upungufu wa akili. Somo lenyewe linawataka waachane na mazoea waliyoyajenga tangu shule ya msingi, na mazoea hayaachwi kwa kunakili maandishi ya ubaoni katika ukumbi uliojaa watu.

Aljebra shirikishi ni mojawapo ya vizingiti hivyo. Kwa ufupi, ni mkusanyiko wa vitu vinavyoweza kujumlishwa, kuzidishwa vyenyewe kwa vyenyewe, na pia kuzidishwa kwa nambari za kawaida. Vitu hivyo huenda vikawa nambari, polinomia au matriki. Sharti lake kuu ni kwamba vitatu vikizidishwa kwa mfuatano uleule, kuhamisha mabano hakubadilishi jibu: (ab)c ni sawa na a(bc). Si kila tendo la hesabu linalotimiza sharti hilo. Chukua kutoa: (10 – 4) – 3 ni 3, ilhali 10 – (4 – 3) ni 9.

Sharti hilo mwanafunzi hulikariri kwa siku moja. Kinachomkwaza ni lile ambalo halikusemwa, yaani kwamba ab ni sawa na ba. Shuleni alizidisha 3 kwa 5 na 5 kwa 3 mara nyingi mno hivi kwamba hahisi tena kuwa anatumia kanuni yoyote. Katika aljebra shirikishi ruhusa hiyo haipo, isipokuwa itajwe waziwazi. Wala si ajabu kubwa tukitazama maisha ya kila siku: anayevaa soksi kisha kiatu hawi sawa na anayevaa kiatu kisha soksi.

Hapa ndipo mwalimu wa ziada anapopata kazi yake. Tuseme mwanafunzi amemletea zoezi na kuandika kwamba (a + b) ikizidishwa yenyewe huwa aa + 2ab + bb. Mhadhiri mwenye mamia ya karatasi za kusahihisha atatia alama ya kosa na kuendelea. Mwalimu aliyeketi mkabala na mwanafunzi wake ana nafasi ya kuuliza: “Hiyo 2ab umeitoa wapi?” Mwanafunzi atajibu, “Mwalimu, si ndiyo fomula tuliyofunzwa?” Ataombwa afungue mabano polepole, neno kwa neno, naye ataandika aa + ab + ba + bb. Kisha ataulizwa ni nani aliyempa idhini ya kuunganisha ab na ba.

Swali hilo halitoshi bila mfano. Mwalimu mwerevu huchukua matriki mbili ndogo zenye safu mlalo mbili na safu wima mbili. Ya kwanza, A, ina 1 katika pembe ya juu kulia na sifuri kwingineko. Ya pili, B, ina 1 katika pembe ya chini kushoto na sifuri kwingineko. Mwanafunzi akizidisha A kwa B, hupata 1 katika pembe ya juu kushoto. Akizidisha B kwa A, ile 1 huhamia pembe ya chini kulia. Halafu azidishe A yenyewe kwa yenyewe: jibu ni sifuri tupu, ingawa A si sifuri! Kwa mkono wake mwenyewe amevunja kanuni mbili za shuleni: ile ya kubadilisha nafasi, na ile isemayo kwamba zao likiwa sifuri basi lazima mojawapo ya vilivyozidishwa liwe sifuri. Kwa maoni ya mwandishi, dakika kumi za zoezi hilo zina faida kuliko kurasa kadhaa za fasili.

Ni vyema pia mwanafunzi ajue kwamba hata magwiji walitaabika. William Rowan Hamilton wa Ireland alihangaika kwa miaka akitafuta namna ya kuzidisha nambari zenye sehemu tatu. Mnamo Oktoba 16, 1843, akitembea na mkewe kando ya mfereji jijini Dublin, alitambua kwamba zahitajika sehemu nne, na kwamba mpangilio wa kuzidisha haubadilishwi ovyo: i mara j ni k, lakini j mara i ni –k. Nambari hizo, kwatenioni, leo hutumiwa kuelekeza vyombo vya angani na kuzungusha picha katika michezo ya kompyuta. Naye Benjamin Peirce wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeandika kitabu kizima kuhusu aljebra shirikishi mnamo 1870, alikuwa mhadhiri ambaye wanafunzi wachache tu waliweza kumfuata. Ndiye aliyevipa jina vitu kama ile A yetu, ambavyo si sifuri lakini vikizidishwa vyenyewe hatimaye hugeuka sifuri.

Je, ufundishaji huu wa mmoja kwa mmoja una ushahidi? Mnamo 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha makala yaliyopata umaarufu, akieleza kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefunzwa hivyo aliwapita asilimia 98 ya wenzake wa darasa la kawaida. Tafiti za baadaye zimepunguza makadirio hayo. Kurt VanLehn, aliyelinganisha tafiti nyingi mnamo 2011, aliona faida ambayo ingemweka mwanafunzi huyo mbele ya takriban asilimia 78 ya wenzake. Hiyo bado si faida ndogo.

Faida hiyo hupotea upesi mwalimu anapogeuka mfanyaji wa kazi za wanafunzi. Wapo wanaolipwa kuandika uthibitisho wote, mwanafunzi akaunakili na kuuwasilisha, kisha akafika chumba cha mtihani mikono mitupu. Dalili ya mwalimu mzuri ni kwamba kalamu hukaa zaidi mkononi mwa mwanafunzi. Kadhalika humtaka aeleze kila hatua kwa sauti: hapa nimehamisha mabano, hapa nimetumia ugavi wa kuzidisha juu ya kujumlisha, hapa… hapa sijui nimetumia nini. Pale anaposita ndipo somo la siku hiyo lilipo.

Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, lakini marufuku hayo ni ya wanafunzi wa shule. Mwanafunzi wa chuo kikuu hana kizuizi isipokuwa mfuko wake. Wasiomudu ada wanaweza kuungana watatu au wanne na kumwomba mwenzao wa mwaka wa nne akutane nao mara moja kwa wiki, kila mmoja akija na zoezi moja alilojaribu na kushindwa, pamoja na karatasi yenye makosa yake yote bila kuyafuta.