Safari ni ya Nani?

Simama kituoni Mzumbe useme una safari: utaulizwa, kwema au msiba? Mzungu akilitamka neno hilohilo, anakwenda Mikumi kutazama tembo. Sisi tulilitoa kwa Waarabu, kwenye safar. Waingereza wakalichukua kwetu. Mwaka 1857 Richard Burton na Speke walipita Zungomero, kusini ya Milima ya Uluguru, na kitabu cha Burton cha 1860 kikasaidia kulifikisha neno London.

Lakini jamani, safari ile ilikwenda kwa miguu ya wapagazi, mzigo wa ushanga, nguo na waya kichwani au begani. Ndani ya Kiingereza mpagazi katoweka. Kabaki mwenye bunduki, kama Roosevelt mwaka 1909, halafu mwenye kamera.