SEHEMU YA 4: KILE "KIDONDA" CHA KIZAZI

Mama wa Mchikichini, umepimwa ukaambiwa mlango wa kizazi una wekundu, halafu shoga yako pale soko la Karume akasema hicho kidonda, weka shabu? Ngoja kwanza.

Karne ya 19 madaktari wa Ulaya waliuona wekundu huohuo, wakauita kidonda na kuuchoma kwa kemikali. Mwaka 1878 Wajerumani wawili, Carl Ruge na Johann Veit, wakauchunguza kwa hadubini. Hakuna kidonda! Ni utando laini, wa aina ileile ya njia ya ndani. Leo tunajua huwa umetokeza nje tu, hasa kwa mabinti, wajawazito na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Ila jina likabaki, na wanawake wakaendelea kuchomwa miaka mingi. Hili huwa linaniuma.

Na tundu la mlango huo kabla ya kuzaa ni kiduara. Ukishazaa kwa njia ya kawaida, huwa kama mstari. Hujaharibika, mama.

Hapa Dar, Ocean Road, hospitali ya tangu Mjerumani, 1897, iliyokuja kuwa taasisi ya saratani mwaka 1996, wanapima kwa siki. Wanaangalia panapogeuka peupe, na si kila peupe ni saratani. Una miaka 30 na kuendelea? Nenda hata kama huna dalili. Ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, usisubiri, umri wowote. Shabu iache jikoni.