Amana ya Opereta

Tangu Alexander Graham Bell, ambaye mama yake na mkewe wote wawili walikuwa viziwi, alipopata hataza ya simu mwaka 1876, viziwi wa Marekani walikaa miaka 88 wakiwaona wenzao wakisemezana kwa waya kutoka mji hadi mji, ilhali wao, wakitaka kumwita tabibu au kumuuliza mwajiri kama kazi ingalipo, hawakuwa na budi ila kufunga safari, au kumsihi jirani, au kumweka mtoto wao anayesikia mbele ya simu awe wakili wa wazazi wake. Hapakuwa na siri katika mpango huo. Deni la baba, maradhi ya mama, ugomvi wa mirathi, yote yalipita kinywani mwa mtoto kabla hajafikia umri wa kuyafahamu. Nami naona kwamba fedheha hii, kuliko hata taabu ya safari, ndiyo iliyowaelemea zaidi.

Waliofungua mlango ni viziwi wenyewe. Robert Weitbrecht, mwanafizikia wa California aliyezaliwa kiziwi, alibuni chombo ambacho mkonga wa simu ulilazwa juu yake, kikageuza herufi kuwa sauti, na sauti kuwa herufi tena upande wa pili. Na mwezi Mei 1964 yeye na James Marsters, kiziwi mwenziwe na daktari wa meno wa Pasadena, wakaandikiana kwa simu ya kawaida, kila mmoja akiwa na teletaipu kuukuu, yaani mashine ya kuchapa na kupokea maneno kwa waya.

Lakini mwenye mashine aliongea na mwenye mashine tu. Duka la dawa, shule na hospitali vilibaki ng'ambo ile. Ndipo ilipozuka kazi ya opereta wa kupokezana maneno, kwanza kwa watu wa kujitolea, kisha Connecticut ikaanzisha huduma ya jimbo zima mwaka 1974, na California ikaigharimia usiku na mchana tangu 1987.

Opereta alikaa baina ya wawili, vipokea sauti masikioni, vidole juu ya vitufe. Kiziwi akichapa kwamba nataka kuonana na daktari, opereta hasemi "anataka", husema "nataka", kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. Kiziwi akimaliza huchapa GA, kumpa mwenzake zamu, na mazungumzo yakiisha huchapa SK. Linalosikika upande wa pili nalo huandikwa lote, jibu, kicheko, hata kilio cha mtoto kwa mbali. Mara nyingi aliyeinua simu, asikiapo sauti ya mgeni na kimya kirefu, alidhani ni mchuuzi, akaikata, na opereta akapiga tena. Ikiwa habari ni ya msiba, aliichapa kama ilivyotamkwa, wala hakuwa na ruhusa ya kutia pole yake mwenyewe. Ikiwa ni matusi, aliyatamka.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 26 Julai 1990, ya kuwalinda watu wenye ulemavu, iliyaamuru makampuni ya simu yaifikishe huduma hii nchi nzima katika muda wa miaka 3. Kabla yake baadhi ya vituo viliwawekea viziwi mpaka wa dakika na wa idadi ya simu. Sasa opereta alikatazwa kuikataa simu, kuifupisha, kuyabadili maneno kwa makusudi, kuyatoa nje, au kuyaweka kumbukumbu baada ya simu kukatwa. Kwangu mimi vifungu hivi vina uzito zaidi kuliko mitambo yote, maana ndivyo vilivyomrudishia kiziwi faragha ambayo anayesikia huzaliwa nayo asiifikirie.

Teletaipu sasa zimeachwa na wengi. Badala ya mchapaji ameketi mkalimani wa lugha ya alama mbele ya kamera, akimtazama kiziwi na kumsikiliza anayesikia kwa wakati mmoja, na katazo lile la kuyahifadhi au kuyatangaza maneno ya watu linamfunga yeye pia.